Mguu kifundo kwa kichanga: plasta, kano ya kisigino na viatu vya usiku

Mtoto mwenye mguu kifundo huzaliwa unyayo mmoja, au zote mbili, zikiwa zimegeukia ndani na kisigino kimevutwa juu. Ukijaribu kuunyoosha kwa mkono, unarudi. Hutokea kwa mtoto 1 hivi katika kila 1,000, wavulana zaidi ya wasichana. Si kosa lako. Hautokani na kupatwa kwa mwezi, wala na kitu ulichokitazama ukiwa na mimba. Kumkanda kwa mafuta ya nazi peke yake hakuunyooshi.

Kama unakaa Unguja, anza kituo cha afya kilicho karibu nawe na uombe barua ya rufaa kwenda kwa madaktari wa mifupa wa Hospitali ya Mnazi Mmoja, Mji Mkongwe. Ni vyema kuanza wiki za mwanzo, kano za kichanga zikiwa bado laini. Wazee wakisema usitoke mpaka arobaini, zungumza nao mapema. Na kama arobaini imeshapita, nenda tu, hujachelewa.

Matibabu yanaitwa Ponseti, kwa jina la daktari aliyeyaanzisha huko Iowa, Marekani. Kila wiki mguu hunyooshwa taratibu, kisha hufungwa plasta ngumu (hogo) kuanzia vidole hadi pajani. Kwa kawaida plasta hubadilishwa mara 5 hadi 7. Usiiloweshe, mfute mtoto kwa kitambaa. Kwa kuwa chanjo za wiki 6, 10 na 14 huchomwa pajani, mwambie muuguzi mapema ili zipangwe siku plasta inapobadilishwa.

Kila unapombadilisha nepi, tazama vidole. Kibonyeze kimoja: kinapauka, kisha rangi hurudi mara moja. Vidole vikiwa baridi, vimevimba, vimebadilika rangi au vimezama ndani ya plasta, rudi hospitali siku hiyo hiyo. Harufu mbaya au homa pia usiingoje kesho.

Watoto wengi huhitaji pia kukatwa kano ya kisigino. Neno kukatwa huwatisha kina mama, lakini mara nyingi ni tundu dogo tu, mtoto huchomwa ganzi, na mnarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kano hujiunga upya ndani ya plasta ya mwisho, inayokaa wiki 3 hivi.

Hapa ndipo familia nyingi hukosea. Plasta ikitoka mguu umenyooka, kila mtu anafurahi, na viatu vinawekwa kabatini. Viatu hivyo viwili vilivyounganishwa na chuma ndivyo vinavyouzuia mguu usirudi. Huvaliwa saa 23 kwa siku kwa miezi 3, kisha usiku na wakati wa kulala mchana mpaka mtoto afike miaka 4 au 5. Mtoto anayetembea vizuri mchana bado anavihitaji usiku.

Siku za kwanza atalia. Ukivivua kila anapolia, atajifunza kwamba kulia kunavivua. Mshike miguu yote miwili pamoja, umchezeshe kwa kuikunja na kuinyoosha. Mvalishe soksi za pamba, hasa wakati wa joto la kaskazi, na usimpake mafuta miguuni kabla ya viatu, maana mguu utateleza. Hakikisha kisigino kimekaa chini kabisa. Wekundu kidogo ni kawaida. Malengelenge au kidonda si kawaida, mpeleke. Mfundishe na bibi yake kufunga mikanda, kwa usiku ambao haupo.

Mtaalamu wa viungo atakuonyesha jinsi ya kuinua unyayo kuelekea kwenye ugoko, na mtoto mkubwa jinsi ya kuchuchumaa visigino vikigusa chini. Visigino vikianza kunyanyuka, au akianza kukanyagia upande wa nje, usingoje tarehe ya kliniki. Mara nyingi plasta chache huurudisha mguu mahali pake.

Kama una mtoto mkubwa ambaye hajawahi kutibiwa na tayari anakwenda skuli, mpeleke naye. Wengine hunyooka kwa plasta zilezile. Wengine huhitaji upasuaji mkubwa zaidi, na daktari atakueleza baada ya kuupima mguu.