Matthias Sindelar: 'Mtu wa Karatasi' aliyekataa kuichezea Ujerumani

APRILI 3, 1938, majuma matatu baada ya majeshi ya Adolf Hitler kuingia Austria, timu ya taifa ya nchi hiyo iliikabili Ujerumani katika uwanja wa Prater, Vienna. Ulikuwa mchezo wa kuiaga timu ya Austria kabla ya wachezaji wake kuunganishwa na wenzao wa Ujerumani. Austria ilishinda 2-0. Bao la kwanza lilifungwa na mshambuliaji wa kati mwenye umri wa miaka 35, Matthias Sindelar.

Sindelar alizaliwa Februari 10, 1903 katika kijiji cha Kozlov, Moravia, eneo ambalo leo limo ndani ya Jamhuri ya Czech. Akiwa bado mdogo familia yake ilihamia Favoriten, mtaa wa wafanyakazi jijini Vienna. Baba yake, fundi mwashi, aliuawa vitani mwaka 1917. Mwaka uliofuata kijana huyo akajiunga na Hertha Vienna, na mwaka 1924 akahamia Amateure, klabu iliyobadili jina kuwa Austria Vienna mwaka 1926.

Kabla ya uhamisho huo alifanyiwa upasuaji wa goti la kulia. Tangu hapo alicheza akiwa amelifunga bandeji, akitegemea chenga na pasi fupi badala ya kugongana na mabeki. Kwa wembamba wake na wepesi wa kupenya, mashabiki walimwita 'Der Papierene', yaani mtu wa karatasi.

Kocha wa timu ya taifa, Hugo Meisl, aliyewahi kumweka kando, alimrejesha kikosini mwaka 1931. Mei 16 mwaka huo Austria iliibugiza Scotland 5-0, na siku nane baadaye ikaichapa Ujerumani 6-0 mjini Berlin. Aprili 1932 ilikuwa zamu ya Hungary, iliyolala 8-2, Sindelar akifunga matatu. Kikosi hicho, kilichopewa jina la 'Wunderteam', yaani timu ya ajabu, kilicheza michezo 14 bila kufungwa hadi kilipolala 4-3 mbele ya England jijini London, Desemba 1932.

Katika Kombe la Dunia la 1934, wenyeji Italia waliitoa Austria kwa bao 1-0 katika nusu fainali, Luis Monti akipewa kazi ya kumkaba Sindelar. Kwa upande wa klabu, alitwaa Kombe la Mitropa mwaka 1933 na 1936. Katika mchezo wa marudiano wa fainali ya 1933 aliifunga Ambrosiana-Inter ya Milan mabao yote matatu ya timu yake. Aliichezea Austria michezo 43 na kufunga zaidi ya mabao 25.

Baada ya mchezo wa Prater, kocha wa Ujerumani, Sepp Herberger, alimwita zaidi ya mara moja. Sindelar alikataa, akitaja umri na majeraha. Simulizi za baadaye kwamba alicheza ngoma mbele ya viongozi wa Kinazi baada ya kufunga bao hazina ushahidi thabiti.

Hata hivyo, sifa yake haikosi doa. Mwaka huohuo wa 1938 alinunua mgahawa Favoriten kutoka kwa Myahudi aliyelazimika kuuza kutokana na sera ya Wanazi ya kuwapokonya Wayahudi mali. Wanaomtetea husema alimtendea mwenye mali kwa uungwana. Wanaomlaumu hujibu kwamba alinufaika na dhuluma.

Januari 23, 1939 alikutwa amekufa, akiwa na umri wa miaka 35, katika nyumba ya mpenzi wake, Camilla Castagnola, ambaye naye alifariki. Chanzo kilitajwa kuwa gesi ya kaboni monoksidi, lakini uvumi wa kujiua na kuuawa haujaisha. Maelfu ya watu walijitokeza kumzika.

Mwishoni mwa karne ya 20 Sindelar alichaguliwa kuwa mwanasoka bora wa Austria wa karne hiyo. Mjadala wa uwanjani umekwisha. Wa mgahawa ungali unaendelea.