Safu ya lugha: Gereza si ngome

Kipeperushi kimoja cha Kiswahili huko Mount Dennis, Toronto, kimeiita Fort Rouillé, ngome ambayo Wafaransa wenyewe waliichoma moto mwaka 1759, "gereza". Zamani kingepita. Neno latokana na igreja, yaani kanisa kwa Kireno, likahamia kwenye ngome: wazee wa Mombasa waliiita Fort Jesus gereza. Ngome zilipogeuzwa za kufungia watu, Fort Jesus ikiwemo tangu 1895, maana ya kifungo ikashinda. Basi penye kuta na mizinga sema ngome. Penye uzio na ofisi ya serikali, boma. Gereza tuwaachie wafungwa.