Majina ya Magari ya Abiria Kariakoo

Kariakoo ni jina la Carrier Corps, wachukuzi wa jeshi la Waingereza waliopigishwa kambi pale katika Vita Kuu ya 1914–1918. Yafaa mtaa huo utufundishe majina ya magari pia.

Mwaka 1974 Serikali iliunda Shirika la Usafiri Dar es Salaam, yaani UDA. Mabasi yalipopungua, mwaka 1983 iliyaruhusu magari ya watu binafsi. Nauli ilikuwa shilingi 5, sarafu iliyoitwa “dala”, makondakta wakinadi “dala, dala!” hata gari lenyewe likaitwa hivyo. Kwangu mimi, neno hili ni ushahidi mzuri kuliko hotuba nyingi za sera, maana lamtaja mlipaji: abiria mwenyewe.

Mei 2016 yalianza mabasi yenye njia yake kutoka Kimara hadi Kivukoni, tawi moja likiishia Gerezani, Kariakoo. Barabara ilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Serikali yasema “mabasi yaendayo haraka”. Watu husema “mwendokasi”. Jina hili halitaji fedha, bali ahadi. Hata abiria aliyechoka kungoja kituoni hulitamka bila kejeli, kama atamkavyo “Kariakoo” mtu asiyewakumbuka wachukuzi.