Safari ya Picha Katika Kompyuta, na Mahali Inapokatika

Somo letu la jioni ya leo ni juu ya historia ya kioo cha kompyuta, ambacho wengine hukiita skrini au monita. Nawe uliyepata somo hili kwa maandishi, soma polepole; na kama una kompyuta karibu, itazame huku ukisoma.

Nataka nianze na mfano. Tuseme kuna karani wa chama cha ushirika cha wakulima. Ni saa kumi na moja jioni. Kesho asubuhi wakulima watakuja kupokea malipo ya mazao yao, na hesabu zote zimo ndani ya kompyuta. Karani anabonyeza kitufe cha kuwasha. Feni inavuma, lakini kioo ni cheusi. Moyo unamwenda mbio, naye anasema, "Hesabu zimepotea." Jirani yake anamwambia kwamba mashine imekufa na chama kinunue nyingine. Je, maneno hayo ni kweli? Tumwache karani wetu hapo kwa kitambo, kisha tutamrudia.

Neno moja nataka ulishike tangu mwanzo. Picha unayoiona haizaliwi kiooni. Inatoka mbali, inapita vituo kadha wa kadha, na kila kituo kilijengwa na watu mbalimbali, katika miaka mbalimbali, kwa haja zao wenyewe. Kituo kimoja kikikwama, picha haifiki. Lakini hesabu zako hazikai katika vituo hivyo. Zimekaa katika diski. Mtu ajuaye historia ya vituo hivi anajua mahali pa kuitafuta picha iliyopotea.

Chupa ya Bwana Braun

Kioo kilikuja kabla ya kompyuta. Mwaka 1897 profesa mmoja Mjerumani, Karl Ferdinand Braun, alikuwa akifundisha fizikia katika chuo kikuu cha Strasbourg, mji ambao siku hizo ulikuwa chini ya Ujerumani na leo ni wa Ufaransa. Alitumia chupa ya kioo iliyoondolewa hewa. Upande mmoja wa chupa hiyo ulitoka mshale mwembamba wa elektroni. Upande wa pili palipakwa unga unaong'aa ukipigwa na mshale huo. Kwa nguvu ya sumaku aliweza kuuvuta mshale, na nukta ya mwanga ikatembea. Bwana huyu si mgeni kwetu sisi watu wa redio, kwa maana mwaka 1909 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Marconi kwa kazi yao ya kupeleka habari bila waya.

Kompyuta nyingi za awali zilijibu kwa kadi zilizotobolewa na kwa karatasi zilizopigwa chapa. Mwaka 1951 kompyuta moja ya Marekani iitwayo Whirlwind, iliyojengwa katika chuo cha MIT, ilikuwa ikionyesha kazi yake katika chupa ya namna ya Braun. Na mwaka 1963, katika chuo hicho hicho, kijana aliyeitwa Ivan Sutherland alionyesha programu yake, Sketchpad, ambayo kwayo mtu aliweza kuchora juu ya kioo kwa kalamu ya mwanga. Tangu hapo kioo kikawa si mahali pa kusoma jibu tu, bali mahali pa kufanyia kazi.

Lakini chupa hii ina tabia yake. Unga ule ukipigwa hung'aa kwa muda mfupi sana, kisha huzimika. Kwa hiyo picha yote ni lazima ichorwe upya, mstari kwa mstari, mara nyingi kila sekunde. Tena mshale ni lazima uambiwe lini uanze mstari mpya na lini uanze ukurasa mpya. Ni kama ngoma na wachezaji: mpigaji akibadili mapigo bila taarifa, wachezaji hugongana. Ndiyo sababu picha ya chupa huweza kuviringika kwenda juu, au kukatika vipande vya mshazari. Chupa yenyewe huenda ni nzima. Yaliyopotea ni mapigo.

Hapa sina budi kutoa onyo. Vioo vya chupa, vile vizito vyenye mgongo mrefu, bado vimo katika ghala na maduka ya vitu vikuukuu. Ndani ya kioo cha rangi hupita umeme wa volti 25,000 hivi, na sehemu ya umeme huo huweza kubaki ndani hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Watu wameumia kwa kufungua kifuniko tu. Tena chupa ile ina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Usiifungue, wala usiivunje na kuitupa karibu na kisima au mahali watoto wanapochezea.

Ndugu wawili wasiosikilizana

Sasa tuendelee hadi tarehe 12 Agosti 1981. Siku hiyo kampuni ya IBM ilitangaza kompyuta yake ya mezani. Ndani yake iliwekwa kadi, yaani bao dogo la umeme, lenye kazi ya kukumbuka picha na kuipeleka kiooni. Kadi hii ni kituo chetu cha pili.

IBM ilitoa kadi mbili. Ya kwanza ilionyesha maandishi tu, safi na ya rangi moja. Ya pili ilionyesha michoro na rangi, lakini maandishi yake hayakuwa mazuri. Kadi hizi zilikuwa na tundu la namna moja, la pini 9, lakini mapigo yao hayakulingana: moja ilipiga mistari zaidi ya 18,000 kila sekunde, na nyingine chini ya 16,000. Mtu aliyechomeka kioo cha maandishi katika kadi ya rangi aliweza kukiharibu kabisa. Somo hili linatufaa hata leo: plagi kuingia katika tundu si dalili kwamba vitu viwili vimepatana.

Kadi ile ya maandishi ilikuwa na upungufu mwingine. Herufi na alama zake zilikuwa 256 tu, nazo zilipigwa muhuri kiwandani. Aliyetaka kuandika lugha yenye herufi nyingine hakuwa na njia. Mtu mmoja kutoka Thailand, Van Suwannukul, alikuwa akiandika tasnifu yake ya shahada ya udaktari, akataka kuiandika kwa herufi za Kithai. Basi akabuni kadi yake mwenyewe, iliyoweza kuchora umbo lolote nukta kwa nukta, bila kuharibu uzuri wa maandishi. Kadi hiyo iliitwa Hercules, nayo ilitoka mwaka 1982 ikanunuliwa duniani kote. Fikiri juu ya jambo hili, wewe uliyezaliwa pwani yetu, ambako kwa karne nyingi Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kadi ile ya kwanza isingaliweza kuandika barua ya babu yako. Haja ya mtu mmoja ya kuandika lugha yake ilifungulia njia watu wengi.

Plagi ya pini 15

Mwaka 1987 IBM ilileta utaratibu mpya ulioitwa VGA, wenye nukta 640 kwa upana na 480 kwa urefu. Tundu lake ni la pini 15 katika mistari mitatu, na mpaka leo utaliona nyuma ya mashine nyingi za maofisini. Rangi zote hufanyizwa kwa nyuzi tatu tu: nyekundu, kijani na buluu. Basi, picha ikigeuka kuwa ya manjano, jua kwamba buluu haifiki. Ikiwa ya zambarau, ni kijani. Ikiwa ya rangi ya buluu-kijani, ni nyekundu. Kabla ya kulaumu kioo, chomoa plagi ukaangalie kama pini imepinda. Lakini usiogope ukikuta pini moja ya mstari wa katikati haipo. Mara nyingi huachwa hivyo tangu kiwandani.

Kila mtengenezaji alipoongeza idadi ya nukta, kompyuta haikujua kioo kilichounganishwa kinaweza nini. Kwa hiyo mwaka 1994 watengenezaji walikubaliana kwamba kioo kijitambulishe chenyewe kupitia waya ule ule. Waya mbovu ukikata salamu hizo, kompyuta huchagua picha kubwa na yenye ukungu kwa kuwa haijui inazungumza na nani. Na ikipeleka mapigo yasiyowezekana, kioo huandika kwamba kiwango kimepita mpaka. Ukiona maneno hayo, furahi. Kioo kinachosema ni kioo kilicho hai.

Tena ipo programu inayoiongoza kadi, ambayo mafundi huiita draiva. Ikiharibika, picha hukatika baada ya mashine kuanza vizuri. Windows 95, iliyotoka mwaka 1995, ilikuwa na njia ya kuwasha kwa usalama, ikiiweka kando draiva na kurudi kwenye VGA ya mwaka 1987. Njia ya kuwasha kwa usalama ingalipo mpaka leo. Kama picha inaonekana kwa njia hiyo na haionekani kwa njia ya kawaida, basi ugonjwa uko katika programu, wala huna haja ya kununua chombo.

Kioo chembamba

Kioo chembamba cha leo kina asili ya ajabu. Mwaka 1888 mtaalamu wa mimea, Friedrich Reinitzer, alichunguza dutu iliyotoka katika karoti, akaona kwamba ikipashwa moto huyeyuka mara mbili, na katikati hapo ni maji yenye mpangilio kama wa fuwele. Mwaka 1968 George Heilmeier na wenzake wa kampuni ya RCA walionyesha vioo vinavyotumia maji ya namna hiyo. Maji hayo hayatoi mwanga; kazi yake ni kuupitisha au kuuzuia, kama pazia. Mwanga hutoka katika taa iliyo nyuma yake.

Kwa sababu hiyo kioo chembamba huweza kuwa cheusi ilhali picha imo. Chukua tochi, uimulike juu ya kioo kwa upande, katika chumba chenye giza. Ukiona maandishi hafifu, ujue pazia linafanya kazi na taa ndiyo iliyozimika. Mara nyingine sababu ni vile vikopo vidogo vya umeme, kapasita, katika bao la umeme la kioo. Katika miaka ya mwanzo ya 2000 kapasita nyingi zilitengenezwa kwa dawa mbovu. Zilivimba vichwa na kuvuja, na fundi aliweza kuzibadili kwa gharama ndogo.

Kadi nazo zimepata maradhi ya zama zao. Mwezi wa Julai 2008 kampuni ya Nvidia ilitangaza kwamba ingetenga dola milioni 150 mpaka 200 kwa ajili ya chipu zake za picha za kompyuta za kubebeka, zilizokuwa zikikatika kwa udhaifu wa vifaa vilivyozishika. Joto na baridi, kila siku, ziliuchosha muungano. Ukiona mistari na vumbi la rangi katika kila kioo unachounganisha, hapo kadi ndiyo ya kushukiwa; na jambo la kwanza ni kusafisha feni yake.

Tumrudie karani

Sasa karani wetu amesikia somo. Hakimbilii dukani. Anatazama kwanza kitaa cha kioo: kinawaka, kwa hiyo umeme upo. Anabonyeza kitufe cha Caps Lock: kitaa cha kibodi kinawaka na kuzimika kila anapobonyeza, kwa hiyo mashine inafikiri. Anakaza plagi ya waya pande zote mbili, na kuhakikisha kwamba imo katika tundu la kadi yenyewe, si lile jingine lililo juu yake. Giza bado. Anazima taa ya chumba, anamulika tochi. Pale, kwa mbali, anaona majina ya wakulima yamepangwa safu kwa safu.

Hakupotea hata mmoja. Karani anakwenda kwa mwalimu wa shule ya jirani, anaazima kioo, anachomeka, na picha inakuja. Usiku ule ule anafanya nakala ya hesabu katika kifaa kingine na kuifungia sandukuni. Asubuhi wakulima wanalipwa.

Tazama kwamba hakufungua kitu chochote. Alifuata njia ya picha kituo kwa kituo, akabadili kitu kimoja kwa wakati mmoja. Angalibadili vitu vitatu pamoja, mashine ingalipona naye asingalijua dawa ilikuwa ipi.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini picha ya chupa ilikuwa ni lazima ichorwe upya kila mara?
2. Picha yako imekuwa ya manjano tupu. Utaangalia nini kwanza?
3. Kioo kinaandika kwamba kiwango kimepita mpaka. Kipi ni kizima, na kipi cha kurekebishwa?
4. Mashine ya ofisi yako ikiwa na kioo cheusi kesho asubuhi, nakala ya hesabu iko wapi?

Swali la nne usilijibu kwa mdomo. Nenda ukaangalie. Kwaherini, mpaka somo lijalo.