Misa Luba, sauti za watoto wa Kamina

Mwaka 1958, pale Kamina, watoto wa masomo na walimu wao waliimba misa ya Kilatini kwa namna ya kwetu. Padri Guido Haazen, Mbelgiji, ndiye aliyekusanya kikundi kile, Les Troubadours du Roi Baudouin. Noti hazikuandikwa: mmoja alianza, wengine wakamuitikia, sauti zikapandana juu ya ngoma. Kyrie ilifuata kasala, wimbo wa kilio wa Baluba. Ile diski ilizunguka dunia. Mwaka 1968 Sanctus ilisikika katika filamu ya Uingereza, If....

Huko jina la Padri njo linatajwa sana. Lakini muziki ulitoka vinywani mwa watoto. Walio hai wamepita miaka 70. Tuwaendee, tuandike majina yao.