Mji Mkongwe Bila Mgeni

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika Unguja maneno haya yametamkwa mlangoni tangu zamani, wala ni wachache waliotia shaka ukweli wake. Mwaka 2020 yaligeuka fumbo. Mwezi wa Machi maradhi ya korona yalitangazwa kuingia kisiwani, na mwezi wa Aprili serikali ya Tanzania ikasimamisha ndege za abiria kutoka nchi za nje. Mpaka amri ile ilipoondolewa Mei 18, Mji Mkongwe ulikuwa karibu mikononi mwa wenyeji peke yao.

Aliyetembea mjini siku zile aliuona uso ambao haukuwa umeonekana kwa miaka mingi. Mtaa wa Gizenga, ambao kwa desturi hujaa vinyago, vikoi na picha za rangi hata njia ikawa nyembamba, ulikuwa safu ya milango iliyokomewa. Shangani madirisha ya mahoteli yalikuwa na giza. Baraza za mawe, zilizojengwa ili jirani aketi na jirani, zilikuwa tupu. Nyuma ya ukimya huo palikuwa na njaa: zaidi ya robo ya pato la Zanzibar lilitokana na utalii, na mpishi, mfua shuka, mwongoza wageni na mwenye mashua walipoteza riziki kwa pamoja.

Walakini mji huu wajua kujaa na kupungua. Zama za majahazi, kaskazi ilileta wafanya biashara wa Arabuni na Bara Hindi, na kusi ikawarudisha kwao. Mwenyeji alizijua siku za kuuza na siku za kungoja. Utalii nao, ulipoanza kukua katika miaka ya 1980, ulishika desturi kama hiyo, kwa maana masika hupunguza wageni kila mwaka. Tofauti ya mwaka 2020 ni kwamba hapana aliyejua upepo utageuka lini.

Wala haikuwa mara ya kwanza kwa njia ya riziki kuwa njia ya maradhi. Mwishoni mwa mwaka 1869 kipindupindu kilifika Unguja, kikaua maelfu ya watu. Daktari James Christie, aliyekuwa akitibu mjini wakati huo, alitoa kitabu mwaka 1876 akaonyesha jinsi maradhi yale yalivyofuata nyayo za misafara ya biashara kutoka bara mpaka pwani. Baadaye, gereza lililojengwa katika kisiwa cha Changuu katika miaka ya 1890 liligeuzwa karantini ya abiria wa merikebu. Karne haikuisha ila kisiwa kilichowekwa ili kumzuia mgeni kikawa chambo cha kumvuta, na watalii wakalipa nauli kwenda kukitazama.

Basi ukimya wa mwaka 2020 ulifunua nini? Ulifunua kwamba mji ulikuwa na sehemu mbili. Mitaa iliyoachiwa wageni ilikufa siku wageni walipokoma. Palipokaa jamaa, kama Kiponda na Malindi, umaskini uliingia, lakini uhai haukutoka: mkate ulinunuliwa, watoto walicheza, salamu zilijibiwa. Mwaka 2000 UNESCO iliuandika Mji Mkongwe katika urithi wa dunia, na heshima hiyo iliongeza thamani ya kila ukuta. Lakini ukuta unapopanda thamani, mpangaji maskini hushindwa kodi, na nyumba ya ukoo hugeuka hoteli.

Mnamo Desemba 25 mwaka huo huo, sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, iliporomoka ilipokuwa ikitengenezwa, ikaua watu. Jumba halikuangushwa na korona. Mawe ya matumbawe na chokaa hudai kutunzwa kila mwaka, wageni wawepo wasiwepo, na mtunzaji wa kwanza ni yule alalaye chini ya dari. Mithali ya kale ilimwita mgeni ili mwenyeji apone. Haikumwambia mwenyeji ahame.