Kichaka Kisicho na Bei

Mavyaa yangu alikuwa na neno moja kwa kila mmea usiozaa tunda la kuliwa wala kutoa nguzo ya nyumba: kichaka. Nilipoolewa hapa Gede mwaka 1984 alinikabidhi panga kabla hajanikabidhi mwiko. Nikafyeka. Tulipanda mahindi, mihogo na mikanju hadi mwisho wa shamba, na ng'ambo ya njia ukaanza msitu wa Arabuko-Sokoke, kilomita za mraba zisizopungua 400 za miti ambayo hatukuruhusiwa kuigusa.

Nayasema haya mapema kwa sababu wageni hunijia wakidhani sisi wa Gede tulizaliwa na mapenzi ya misitu. Mchana nyani walikuja kula mahindi yetu, usiku wakaja ndovu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ungemuuliza mtu wa kijiji chochote kinachopakana na msitu ufanywe nini, jibu lingekuwa: ukatwe, tugawiwe mashamba. Mimi pia ningejibu hivyo, na kwa sauti.

Si kwamba watu wa pwani hawakuijua miti yao. Waliijua sana, ila ujuzi huo ulifuata bei. Chukua msandarusi. Katika karne ya 19 Unguja ilikuwa soko kubwa la sandarusi, utomvu mgumu kama kioo uliotengenezewa vanishi, na Wamarekani wa Salem walikuja na merikebu zao kuinunua ili meza na magari yao ya farasi yang'are. Nyingi ilitoka Mrima, kusini ya hapa, ingawa msandarusi unamea hata Arabuko. Iliyotafutwa hasa ni ile iliyochimbwa ardhini, ambayo mti wake ulikufa zamani za kale. Ile mbichi ya mtini iliitwa chakazi na ilikuwa ya bei duni. Waingereza wakalisikia neno hilo kama neno lao la punda dume, wakaliandika hivyo katika vitabu vya biashara. Ndani ya kipande cha sandarusi mara nyingine hukutwa mdudu mzima, mbawa na miguu, ameganda. Mchuuzi wa wakati ule aliuza mdudu bila kukusudia. Mimi nauza mdudu kwa kukusudia, na huko ndiko ninakoelekea.

Ikaja zamu ya mpira. Kabla mashamba ya Asia hayajajaza masoko, mpira uligemwa kwenye mitambaazi ya msituni, ndugu za mbungo ule tunaokunywa maji yake, na Wagiriama waliuteremsha hadi bandari za pwani pamoja na pembe na nafaka. Kisha mbao. Mbambakofi ulikwenda kwenye milango na majahazi. Muhuhu, mti mgumu usio na haraka ya kukua, ulikwenda kwenye sakafu za watu wenye uwezo, na baadaye kwa wachonga vinyago, mpaka leo ni shida kuuona ulionyooka na mnene. Serikali ya kikoloni iliutangaza msitu kuwa mali ya Ufalme mwaka 1932. Ulinzi huo nao ulikuwa wa mbao: mti uliwekewa askari ili ukatwe kwa kibali badala ya kukatwa bila kibali.

Wazee wa kaya, ile misitu mitakatifu ya Mijikenda, walikuwa na hesabu nyingine. Ndani ya kaya hukati hata fimbo. Waingereza waliijua nguvu ya mahali hapo, ndiyo maana mwaka 1914, Wagiriama walipokuwa wamegoma kutoa vijana na kodi baada ya kiapo cha kiongozi wao Mekatilili wa Menza, waliilipua Kaya Fungo kwa baruti. Mwaka 2008 UNESCO iliziandika kaya za Mijikenda katika orodha ya urithi wa dunia. Ni heshima kubwa, lakini tusijidanganye: kaya ilikuwa kaya, na nje ya kaya wazee wale wale walifyeka kama mimi. Hapa Gede miti ya magofu ilipona kwa sababu hiyo hiyo ya woga. Mji wa mawe ulihamwa karne ya 17, mibuyu na mikuyu ikapanda juu ya kuta, na watu wakasema mna pepo. Mavyaa hakupita hapo baada ya alasiri hata siku moja.

Kwa hiyo miti ya bei ilikuwa na majina, na miti ya mizimu ilikuwa na heshima. Kichaka hakikuwa na lolote.

Mwaka 1993 mtaalamu wa vipepeo aitwaye Ian Gordon, pamoja na Makumbusho ya Taifa, alianzisha hapa kwenye magofu mradi wa Kipepeo. Walikuja kutuambia mkutanoni kwamba Ulaya na Marekani kuna nyumba za vioo ambamo watu hulipa kiingilio kutazama vipepeo wakiruka, na kwamba nyumba hizo zitanunua kutoka kwetu pupa, yaani kiwavi aliyejifunga akingoja kuwa kipepeo. Tulicheka. Pupa kwa Kiswahili ni ile tamaa ya mtu anayekimbilia chakula cha moto, na hapa tunaambiwa tuikuze, tuifunge kwenye pamba, ipande ndege. Mzee mmoja aliuliza kama wazungu huzila.

Nilijiunga kwa sababu ya karo. Kazi yenyewe husimuliwa haraka kuliko inavyofanywa. Unamkamata jike kwa wavu. Wale wenye mbawa nene na mwendo wa kasi, wanaoitwa Charaxes, unawatega kwa ndizi zilizovunda, maana ni walevi. Unamtia katika kizimba cha chandarua pamoja na mche. Akitaga, unayaokota mayai, unawalea viwavi kwa majani mabichi kila siku, unawalinda na sisimizi, nyigu na mijusi, mpaka wajining'inize na kuwa pupa. Hapo una siku chache tu za kumfikishia mnunuzi, kwa sababu pupa haingoji ndege iliyochelewa. Nimewahi kuambiwa mzigo wangu ulifunguliwa huko wakakutwa vipepeo waliokufa ndani ya kasha. Sikulipwa, na sikulala.

Lakini somo lililonibadilisha lilikuwa la majani. Jike wa kipepeo huonja jani kwa miguu. Hutua, hukanyaga kidogo kama mtu anayejaribu joto la maji, na akikuta silo huondoka. Kila kipepeo ana mti wake au ukoo wake wa miti, na kiwavi hawezi kubadilishiwa kama mbuzi. Mwezi wangu wa kwanza nilikuwa na viwavi wa yule kipepeo mkubwa wa manjano mwenye mikia, ambaye jike wake hujivalisha sura za vipepeo wengine walio wachungu ili ndege wamwogope. Majani niliyopewa yakaniishia. Nikawapa ya mwembe, yalikuwa karibu na ni laini. Walitembea juu yake siku mbili wakitafuta, wakafa wote.

Nilichotakiwa kuwapa kilikuwa kichaka. Kimti kifupi cha ukoo wa mndimu, chenye jani ambalo ukilifikicha hunukia ganda la ndimu, kinachomea kivulini pembeni mwa msitu. Nilikijua vizuri. Nilikuwa nimekifyeka shambani kwetu kwa miaka tisa, na harufu yake ilikuwa ikibaki kwenye panga hadi jioni. Sasa nikaanza kutembea kilomita tatu kukitafuta kwa wenzangu.

Nikapanda. Kwanza mistari miwili nyuma ya choo, halafu mpakani kote. Nikapanda na mbambakofi, kwa kuwa baadhi ya Charaxes hula majani yake, na jani hilo halingoji miaka 60 kama ubao. Mavyaa alikuwa ameanza kupungukiwa na macho, ila siku moja alinikuta na ndoo. Akashika tawi, akalifikicha, akanusa.

"Mwanangu," akasema, "hiki si ndicho kichaka nilichokutuma ukifyeke?"

"Ndicho, mama."

"Na sasa unakinywesha maji."

Hakusema zaidi, akaenda zake akicheka peke yake. Baada ya malipo ya kwanza, yaliyonunua sare mbili za shule na mafuta ya taa, alianza kunionyesha vichaka vingine kwa majina ya Kigiriama ambayo miaka yote hiyo hakuwahi kuyatamka mbele yangu. Kumbe alikuwa nayo. Alikosa tu sababu ya kuyatumia.

Mpaka ule haukubaki wa viwavi peke yao. Chozi wanakuja maua yakifunguka. Mibambakofi mikubwa ya jirani ikipasua maganda, hondohondo hufuata zile mbegu nyeusi zenye kofia nyekundu. Chini, kwenye majani makavu ambayo zamani ningeyachoma, nimemwona mara tatu yule sange mwenye matako ya rangi ya dhahabu, akichimbua kwa pua kama mwizi anayetafuta funguo. Wageni huvuka bahari kumtafuta, kama wanavyokuja kumtafuta bundi mdogo wa Sokoke ambaye wataalamu hawakumjua hadi miaka ya 1960. Chozi na hondohondo wana kasoro moja: wanakula viwavi wangu. Nimeacha kugombana nao, nimeongeza chandarua.

Mwarobaini sikuupanda, najua nitalaumiwa. Ni dawa, ni kivuli, na wachongaji wamepata nao nafuu muhuhu ulipoadimika. Lakini ni mgeni kutoka Bara Hindi anayejipanda mwenyewe kila mahali, na katika viwavi wote niliowalea sijaona hata mmoja anayeula.

Mwaka 2020, kwa janga la korona, nyumba za vioo zilifungwa, ndege zikasimama, na kwa miezi mingi hapakuwa na wa kununua pupa hata kwa mkopo. Majirani wawili walirudisha mahindi mpakani. Siwalaumu, watoto hawali majani. Mimi niliwaachia vipepeo wangu waruke bure, na kila asubuhi vile vimti vya mndimu-mwitu vilijaa mayai ambayo sikuyaokota.

Mavyaa amekwisha kufariki. Majina aliyonipa nimeyaandika kwenye daftari la shule, 41 kwa jumla, na kwa 6 kati yake sijaupata mti wenyewe. Ukiwa na mzee wa Kigiriama nyumbani kwako ambaye bado anatembea, mchukue mpakani asubuhi moja, umshikishe majani, na uende na kalamu.